Dume Chupa Hii, Jike Chupa Ile

Aliniuma pale ngozi inapokuwa laini, kati ya kidole gumba na cha shahada, nami nikamtukana kwa jina lisilo lake.

"Sisimizi mshenzi."

Tulikuwa Amani, Usambara Mashariki. Mvua ilikatika alfajiri lakini msitu ulikuwa bado unadondosha maji. Nimechuchumaa mbele ya shuka jeupe, na juu ya shuka kuna kichuguu cha majani makavu yaliyochekechwa: vipande vya magome, udongo mweusi, jongoo wachanga, na vidudu vinavyokimbia kila upande kutafuta giza. Kazi yangu ilikuwa kuviwahi kabla havijafika ukingoni. Wenye mabawa, chupa hii. Buibui, chupa ile. Sisimizi wana chupa yao, maana kuna mtu mjini anawasubiri.

Huyo aliyeniuma alikuwa na urefu wa milimita tatu hivi, rangi ya asali, hana bawa hata moja, anakwenda kwa haraka ya mtu anayekimbilia basi la mwisho. Nikamnasa kwa kibanio, nikamtosa kwenye chupa ya sisimizi. Wenzake wawili waliofuata nao nikawatosa humo humo.

Wiki tatu baadaye mtu wa sisimizi alinirudishia kichupa kidogo chenye vidudu vitatu na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli.

"Hawa si wetu."

Ilikuwa mwezi wa nne. Leo tuko mwezi wa saba na kile kikaratasi bado nimekibandika ukutani juu ya meza. Kila nikikaa kuandika jambo jingine, kinanitazama.

## Hawana nundu

Sisimizi yeyote, mkubwa kwa mdogo, ana nundu. Pale kifua kinapoishia na tumbo kuanza, kuna kifundo kimoja au viwili, kama mtu aliyepiga fundo kwenye kamba. Vipapasio vyake navyo vina kiwiko: kipande cha kwanza kirefu, kisha vinakunjika. Hayo mambo mawili nilifundishwa siku ya kwanza kabisa, nikayaandika kwenye daftari, nikayapigia mstari. Kisha msituni, nikiwa nimelowa na nimeumwa, nikaangalia rangi na mwendo tu.

Chini ya hadubini hawa watatu hawakuwa na nundu yoyote.

Kichwa chao ni kirefu na kimelala, taya zimetazama mbele, kana kwamba kuna mtu alikilalia na kamusi usiku kucha. Mwili mzima umebanwa hivyo hivyo kutoka juu. Kwenye miguu ya kati kuna vimiiba vifupi vya kusukumia udongo. Nilitafuta macho. Nikageuza taa, nikasafisha kioo, nikatafuta tena. Kila upande nikapata doa moja dogo, chini sana, karibu na mzizi wa taya. Huyu ni mnyama wa gizani, macho hayana kazi kwake.

Hawa ni nyigu.

Najua inavyosikika. Nyigu tunayemjua sote ana mabawa, ana kiuno cha uzi, anajenga kwenye kenchi na anakufukuza hadi barabarani. Nikimwonyesha mtu hiki kidudu nikamwambia ni nyigu, anachungulia chupa kisha ananichungulia mimi. Wataalamu wanaiita familia yao Bethylidae. Kiswahili hakijawapa jina, nami kwa kukosa la wenyewe nimezoea kuwaita nyigu bapa, kwa sababu ya ule ubapa wa mwili. Wana haki nao. Ukiishi chini ya gome, ndani ya tundu la mbawakawa, katikati ya majani mawili yaliyooza yakagandana, unene ni mzigo.

## Mgeni njoo

Kwenye vitabu vyetu vya biolojia kiumbe anayeishi na kimelea mwilini anaitwa mwenyeji. Sijui nani aliteua neno hilo, lakini alikuwa mtu wa utani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Kwa nyigu bapa mwenyeji haponi.

Mwenyeji mara nyingi ni buu la mbawakawa, wakati mwingine kiwavi wa nondo. Nyigu jike anamfuata hukohuko alikojificha, kwenye ubao uliooza, kwenye punje, kwenye jani lililokunjwa. Buu mara nyingi ni kubwa kuliko yeye mara kadhaa, nalo lina taya. Anapanda mgongoni, anakunja tumbo, anachoma. Anachoma tena. Buu linalegea lakini halifi, maana nyama iliyokufa ingeoza kabla watoto hawajashiba. Kisha anataga mayai juu ya ngozi, kwa nje, na watoto wakianguliwa wanazamisha vichwa na kula mahali hapo hapo walipozaliwa.

Kilichonishangaza si kuua. Msituni kila mtu anaua. Ni kukaa.

Katika spishi kadhaa mama haondoki. Anabaki na wanawe, anawalinda. Kwenye jenasi inayoitwa Goniozus, jike mwingine akija kutaka kunyang'anya buu, wanapigana, na anayeshindwa hutoa harufu ambayo watafiti wameinasa na kuipima. Kwenye Sclerodermus, ambao huwinda mabuu yanayotoboa mbao, majike kadhaa huweza kulea pamoja juu ya windo moja. Hao Sclerodermus ndio ambao huwachoma watu majumbani mara moja moja, pale panapokuwa na kabati lililoliwa na wadudu, na mwenye nyumba anaamka na vipele akalaumu kunguni.

Kuhusu jinsia, mama ana uamuzi ambao sisi hatuna. Yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Kwa hiyo hutaga majike wengi na madume wachache, wa kutosha tu. Mara nyingi madume hutoka kwenye vifuko vyao mapema, wakawangojea dada zao mlangoni. Ndoa inafungwa nyumbani na kuisha nyumbani.

Lakini hiyo ni baadhi ya koo. Wangu watatu wametoka ukoo mwingine, Pristocerinae, na huko mambo ni tofauti kabisa. Ndiko ninakokwenda.

## Kisanduku kimoja

Juu ya shuka letu la majani, mita kama kumi kutoka pale, ulisimama mtego wa wavu. Ni kama hema lililofunguliwa ubavuni: mdudu anaruka, anagonga ukuta wa wavu, anapanda juu kwa sababu wadudu wengi wakizuiwa hupanda, na kule kileleni anaangukia kwenye chupa ya spiriti. Unaitwa mtego wa Malaise, kwa jina la Msweden René Malaise, aliyeubuni miaka ya 1930. Aligundua kwamba hema lake mwenyewe safarini lilikuwa linakamata wadudu vizuri kuliko yeye na wavu wake wa mkononi. Huwa nacheka nikifikiria hilo.

Mtego ule ulikuwa umenasa nyigu bapa. Weusi, wepesi, mabawa mazuri, macho makubwa, vipapasio virefu. Nilipowapanga mezani nilipata maumbo tisa tofauti.

Wote madume.

Na kutoka kwenye majani yaliyochekechwa, nikijumlisha wale watatu wa chupa ya sisimizi na wengine niliowapata nilipoanza kuwatafuta kwa makusudi, nilipata maumbo manne. Wenye rangi ya asali na hudhurungi, bila mabawa, karibu bila macho.

Wote majike.

Katika Pristocerinae mume na mke hawafanani hata kwa mbali. Si kama jogoo na tetea. Ni kama jogoo na mjusi. Dume anaruka angani, jike anaishi udongoni. Mtego wa wavu unampata dume, chekeche linampata jike, na hakuna kinachoonyesha nani ni wa nani. Weka madume tisa upande huu wa meza na majike manne upande ule: hata ukiwatazama mpaka macho yakutoke, hawatakwambia.

Sasa, fomu niliyotakiwa kujaza ilikuwa na kisanduku kimoja. "Idadi ya spishi."

Tisa, kama kila jike ni mke wa mmoja wa wale tisa? Kumi na tatu, kama hakuna hata mmoja aliyepata mwenzake? Au kumi? Kumi na mbili? Niliandika 13. Nikafuta. Nikaandika 9. Nikapiga simu kuuliza kama naweza kuandika "9 hadi 13", na kijana wa upande wa pili, mpole sana, akaniambia, "Dada, kisanduku kinapokea namba moja tu."

Ndipo hasa nilipoanza kukosa usingizi, nikiri tu.

Maana nilianza kujiuliza: je, namba zote ninazozisoma kila siku, spishi kadhaa hapa, kadhaa pale, zimepita kwenye visanduku vya namna gani?

## Cheti cha ndoa

Nilipoingia kwenye maandishi ya wataalamu niliona kwamba wasiwasi wangu wameishi nao zaidi ya miaka mia.

Kuna spishi nyingi za Pristocerinae zinazojulikana kwa dume peke yake. Nyingine zinajulikana kwa jike tu. Kuna jenasi zilizoanzishwa juu ya jinsia moja, halafu baadaye ikagundulika kwamba mwenzake alishapewa jina jingine kitambo, kwenye ukurasa mwingine, kana kwamba ni mnyama mwingine. Majina mawili, nyumba moja. Ukiona orodha ndefu ya majina yaliyofutwa kwenye kundi hili, mengi ni talaka na ndoa za kwenye makaratasi.

Na uainishaji wote umeegemea madume. Kwenye jenasi Dissomphalus, ambayo kwenye misitu ya tropiki ina spishi mamia, wanazitofautisha kwa viungo vya uzazi vya dume na kwa vishimo viwili vyenye vinyweleo juu ya pingili ya pili ya tumbo lake. Umbo la kishimo, umbali wa kimoja na kingine, vinyweleo vimeelekea wapi. Nimekaa saa nzima nikilinganisha vishimo. Ni kazi nzuri, ina utulivu wake kama kuchambua mchele. Lakini jike hana vishimo hivyo. Kwa ufunguo wa utambuzi ulioandikwa hivi, jike hana pa kuingilia.

Na jike ndiye anayewinda. Yeye ndiye anayemjua mwenyeji, anayeamua nani azaliwe, anayelinda. Dume tunamfahamu kwa sababu anajigonga kwenye wavu.

Upo ushahidi mmoja usiopingika, nao ni mzuri kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani nimeusoma vibaya. Jike asiye na mabawa hawezi kusafiri. Kwa hiyo katika baadhi ya spishi, wakati wa kujamiiana dume humbeba. Anaruka naye, jike akining'inia kwenye ncha ya tumbo la mumewe, mdogo kuliko yeye, kipofu, akipelekwa mahali ambapo miguu yake isingemfikisha. Ukibahatika kuwanasa wawili hao wakiwa bado wameshikana, umepata cheti cha ndoa. Jozi za namna hiyo zipo kwenye makumbusho, zimetiwa pini pamoja, na zina thamani kuliko makasha mazima ya madume wajane.

Nilirudi kwenye chupa zangu zote za mtego nikatafuta jike hata mmoja aliyeingia kwa kubebwa. Chupa ishirini na mbili. Macho yalinivimba.

Hakuna.

## Padri wa Bitche

Kisa kingine kilichonikaa kichwani ni cha Jean-Jacques Kieffer. Alikuwa padri na mwalimu katika mji mdogo wa Bitche, huko Lorraine, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Aliwapa majina wadudu wadogo kwa maelfu, na mwaka 1914 alitoa kitabu kizito kuhusu familia hii ya nyigu bapa ya dunia nzima.

Charles Alluaud na René Jeannel walizunguka Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912 wakikusanya wadudu. Nyigu wao wadogo walisafirishwa hadi mezani kwa Padri Kieffer. Nawaza sanduku likifunguliwa pale Bitche, nje baridi, ndani yake vidudu vya mlimani kwetu, kila kimoja na kikaratasi chake. Anachukua lenzi, anaandika jina la Kilatini. Hajawahi kuona ule msitu. Hajui kama kidudu kilitoka angani au chini ya gome. Anaandika anachokiona, na kama kilichofika ni dume tu, basi spishi inakuwa dume.

Simlaumu. Alifanya kazi kubwa kwa kile alichopelekewa. Ninachosema ni kwamba jina likishaandikwa linakaa, na sisi tunalirithi pamoja na mapengo yake.

Baada yake Mmarekani Howard Evans alipanga upya wale wa bara la Amerika, kuanzia miaka ya 1960. Siku hizi kitovu cha taaluma hii kiko Brazili, Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Espírito Santo, mjini Vitória, kwa Celso Azevedo na wanafunzi wake. Mwaka 2018 walitoa mwongozo wa jenasi zote za dunia. Spishi zinazojulikana leo zinakaribia 3,000, katika jenasi zinazokaribia mia moja.

Ukitazama ramani ya wapi spishi nyingi zimeelezwa, msitu wa Atlantiki wa Brazili unang'aa. Ni msitu tajiri, hilo halina ubishi. Lakini pia ndio msitu wa jirani na maabara. Weka hadubini Vitória kwa miaka thelathini, utaona utajiri wa Vitória. Sisi tuna Usambara, Uluguru, Udzungwa, milima iliyojitenga kwa mamilioni ya miaka, ambako konokono na vinyonga vya mlima huu si vya mlima ule. Nyigu asiye na mabawa, anayeishi kwenye majani yaliyooza, asiyevuka bonde ila kwa kubebwa na mume, atakosaje kuwa tofauti kila mlima? Hii ni hoja yangu ya mezani, bado sijaipima. Lakini inaniwasha.

Na kuna kundi ambalo Wabrazili hawana kabisa. Mesitiinae, nyigu bapa wa dunia ya kale tu, kama Afrika, Asia na Ulaya ya kusini. Hawa huwinda mabuu ya mbawakawa fulani wanaokula majani, mabuu ambayo hutembea ndani ya kifuko walichojijengea kwa kinyesi chao wenyewe. Buu linajenga nyumba kwa mavi ili adui asiingie. Na nyigu anaingia.

## Mganda aliyehamia Brazili

Mwezi wa sita nilikwenda nyumbani Muleba. Baba ana mibuni, si mingi, robusta ya mababu, iliyochanganyika na migomba kama ilivyo kwa kila mtu. Alikuwa amekaa barazani anachambua buni, akitenga zilizotobolewa. Ukiijua alama yake huwezi kuikosa: kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano, pale kwenye kitovu cha buni.

"Hawa wameniua mwaka huu," akasema.

Anayetoboa ni mbawakawa mdogo kuliko punje ya mtama, Hypothenemus hampei. Ni mzaliwa wa Afrika, lakini leo yuko karibu kila inakolimwa kahawa. Nikamwomba Baba wembe, nikapasua buni moja iliyokauka mtini, nyeusi. Ndani, unga, vijifereji, mabuu meupe, mbawakawa mweusi wa mviringo. Nikapasua ya pili. Ya tatu. Kwenye ya saba au ya nane, kikatoka kitu cheusi kisicho cha mviringo.

Kirefu. Bapa. Chenye mabawa.

Nilikuwa na lenzi mfukoni. Mbele ya kichwa, juu ya mdomo, kulikuwa na kitu kama pua iliyogawanyika ncha.

Nilikaa chini pale pale barazani.

Prorops nasuta, nyigu bapa. Nasuta ni Kilatini, mwenye pua. James Waterston alimpa jina hilo mwaka 1923. Jike wake huingia kwa kitundu kile kile cha mtoboaji, akajifungia ndani ya buni, akala mayai na vibuu vidogo, akachoma vikubwa na kutaga juu yake, yai moja kwa kila kimoja. Nilikuwa nimewasoma hawa wiki nyingi bila kujua wanaishi shambani kwetu, hatua ishirini kutoka jikoni.

Nao wana historia. Mwaka 1924 mtoboaji huyu alileta balaa mashamba ya São Paulo, kiasi kwamba serikali ya huko ilianzisha taasisi ya utafiti, Instituto Biológico, mwaka 1927. Mwaka 1929 Adolpho Hempel akaagiza nyigu hawa kutoka Uganda, wakapelekwa ng'ambo ya bahari, wakazalishwa na kuachiwa kwenye mibuni. Mpaka leo Wabrazili wanamwita *vespa de Uganda*. Nyigu wa Uganda. Hakummaliza mtoboaji, ila alijikita huko, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wanamkuta mashambani. Colombia nao walimchukua baadaye, mtoboaji alipowafikia.

Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa São Paulo ana jina la kumwita huyu mdudu. Baba yangu, ambaye shamba lake liko upande huu wa mpaka wa Uganda, hana.

"Sasa huyu ni adui au rafiki?" Baba akauliza, ameinama juu ya wembe.

"Rafiki, Baba. Anakula watoto wa yule mtoboaji."

Akatazama rundo la buni nyeusi alizokuwa ametenga. Kila msimu ndivyo anavyoelekezwa: baada ya mavuno okota zote zilizobaki mtini na zilizoanguka, choma au fukia, usimwachie mtoboaji pa kulala. Ushauri ni sahihi. Ila buni hizo hizo nyeusi ndimo nyigu anamozaliwa. Utafiti uliofanyika Kisii, Kenya, ulionyesha hilo: ukitaka kumwona Prorops, usitafute kwenye buni nyekundu, tafuta kwenye zile kavu zilizosahaulika mtini.

"Kwa hiyo nisichome?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nina madume tisa na majike manne nisiowajua, halafu mzee ananiuliza kuhusu moto wake. Nikamwambia achome kama kawaida, isipokuwa kikapu kimoja nilichomwomba kwa ajili yangu. Akanipa. Kikapu hicho kimekaa chumbani kwangu ndani ya chandarua na kila asubuhi nakagua.

## Mguu mmoja

Siku hizi kuna njia ya kuwaunganisha mume na mke bila kungoja bahati ya wavu. Unachukua mguu mmoja wa dume, mguu mmoja wa jike, unasoma vinasaba. Vikilingana, basi.

Njia hii inaunganisha na pia inavunja. Jenasi iitwayo Apenesia ilikuwa kubwa, dunia nzima, kila mtu akiitumia bila shaka. Mwaka 2018 Wabrazili waliisoma kwa vinasaba wakakuta si ukoo mmoja bali koo kadhaa zilizokuwa zimerundikwa chini ya jina moja, wakazitenganisha. Fikiria umeandika lebo mia mbili za Apenesia halafu asubuhi moja neno lenyewe limebadilika maana.

Nimeshaomba. Miguu kumi na mitatu, mmoja kwa kila umbo, iko kwenye vichupa vyake. Kuna vibali, kuna foleni, kuna gharama ambayo mtu wa kompyuta mpakato ya mkopo kama mimi haulizi mara mbili. Wanasema labda mwakani.

Kuukata mguu wa yule aliyeniuma kulinipa taabu kidogo. Sijui kwa nini. Tayari alikuwa amekufa.

## Penseli

Juzi nilipanda tena Amani kubadilisha chupa za mtego. Mzee anayetuongoza msituni, ambaye anaijua kila njia tangu ujana wake, alikuwa ananisubiri kwenye daraja na panga lake kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na vyupa vyako."

Tulipumzika kwenye gogo. Nikatoa sanduku langu, nikaamua kumaliza jambo nililoahirisha miezi mitatu: kuwaandikia lebo yao wenyewe wale watatu. Lebo za wadudu tunaandika kwa penseli, wino unayeyuka kwenye spiriti. Nikaandika polepole kwa herufi ndogo:

*Bethylidae, Pristocerinae. Jike. Dume hajulikani. Amani, majani makavu, kwa chekeche.*

Mzee akanyoosha mkono, akakiomba kichupa. Akakiinua kwenye mwanga, akasoma lebo midomo ikicheza, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Dume hajulikani! Sasa huyu ni mjane, au ni mwali hajaolewa?"

"Sijui, Mzee."

"Na umeshaandika kwenye karatasi yao kule?"

Fomu ilikuwa kwenye begi, imekunjwa mara nne, na kwenye kisanduku penseli imefutwa mara nyingi hadi karatasi imekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Bado."

Akanirudishia kichupa, akaokota kofia. Mtego ulikuwa juu kidogo, mwendo wa dakika tano, na ukungu ulikuwa unaanza kushuka.